Taa Imfuate Mtu

Leo nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulitenda kila siku jua likichwa, na aghalabu hulitenda pasina kulifikiri, nalo ni kuwasha taa. Sikuja kusema habari za bei ya umeme wala za kukatika kwake, ingawa huko nako tutapita kidogo kabla hatujaagana. Nimekuja na swali moja, nalo ndilo nitakalolirejea mara kwa mara katika dakika hizi tulizojaaliwa kuwa pamoja. Swali lenyewe ni hili: mwangaza ulionao nyumbani mwako, je, unaangukia pale unapofanyia kazi zako, au unaangukia pale alipoona fundi kuwa ni rahisi kupitisha waya?

Hebu inueni macho mtazame darini, hapo hapo mlipo. Wengi wenu, bila ya shaka, mtaiona globu moja inayoning'inia katikati ya chumba, imepimwa sawasawa kutoka pembe hata pembe. Nendeni chumba cha pili, mtaikuta nyingine kama hiyo; nendeni jikoni, ni hiyo hiyo. Kwa nini katikati? Je, katikati ya chumba kuna kazi gani? Aghalabu hapana kazi yoyote, kwani pale katikati ndipo tunapopita tu, ilhali kitanda kimeegemea ukuta, meza ya mtoto ya kusomea imeegemea ukuta, na sinki la jikoni nalo limo ukutani. Simlaumu fundi peke yake, maana fundi asipoambiwa neno na mwenye nyumba hufuata mazoea ya kazi yake, naye mwenye nyumba, wakati waya zinapopitishwa, huwa amejishughulisha na bei ya saruji na rangi ya milango.

Wazee wetu, kabla ya umeme kuenea katika miji yetu ya pwani, walikuwa na kandili, na taa ya chemni, na kibatari kwa asiyejiweza, na karabai kwa siku za shughuli, kama vile maulidi na harusi, ilipotundikwa juu ikivuma na kumulika uwanja mzima. Hata umeme ulipofika Unguja ulianza kwa wachache, na Beit al-Ajaib, kasri aliyoijenga Sayyid Barghash bin Said mwaka 1883, hutajwa kuwa miongoni mwa nyumba za mwanzo kabisa kuupata. Sitamani turejee kwenye kibatari, hasha. Moshi wa mafuta ya taa uliwaumiza watu vifua na macho, na nyumba za makuti zilizoteketea kwa kibatari kupinduka hazina hesabu. Lakini zilikuwa na fadhila moja taa zile, fadhila ambayo tuliiacha bila ya kujua kuwa tumeiacha: taa ilimfuata mtu. Mwenye kusoma aliiweka karibu na kitabu, mwenye kushona aliiweka ubavuni, mwenye kwenda uani aliichukua mkononi. Umeme ulipokuja, taa ikapigiliwa darini, na tangu siku hiyo mtu akawa yeye ndiye wa kuifuata taa.

Nitakupeni mfano mmoja, nanyi mtautambua mara moja. Mwangalieni bibi anayeshona kofia usiku. Kazi ya kofia, kama mjuavyo, ni kazi ya uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na vitobo vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja baada ya kimoja, na kosa la sindano moja huonekana mpaka mwisho wa kofia. Bibi amekaa mkekani, ameegemea ukuta au ameupa ukuta uso, na globu iko juu nyuma ya kichwa chake. Anapoinama, kivuli cha kichwa chake mwenyewe kinaangukia hasa pale ncha ya sindano ilipo. Anajisogeza, na kivuli nacho kinajisogeza. Anainua kofia karibu na macho, na baada ya muda si mrefu shingo inamuuma, naye anasema macho yake yameharibika. Yamkini macho yake ni mazima, na kilichoharibika ni mahali pa taa. Mpeni taa ndogo ya mezani, iwekwe chini karibu naye, upande wa kushoto kwa anayeshona kwa mkono wa kulia na upande wa kulia kwa anayetumia mkono wa kushoto, ili kivuli cha mkono kisiifunike kazi, na mtaona atakavyonyooka mgongo.

Na liko jambo jingine hapo, la ilimu, ambalo inafaa tulielewe vizuri. Mwangaza wa globu hupungua upesi kuliko tunavyodhani kadiri unavyokwenda mbali. Ukiiweka taa umbali ulio mara mbili ya ule wa kwanza, mwangaza unaokufikia haubaki nusu, unabaki robo tu. Basi fikirini nyumba zetu za mawe za Unguja na za Mombasa, zilizojengwa kwa dari za juu ili joto lipande, na globu imetundikwa huko huko juu! Mtu hununua globu kubwa, halafu kubwa zaidi, na chini mkekani mambo ni yale yale. Ilhali taa ndogo iliyo karibu ingemtosheleza kwa gharama ndogo. Nasema tena: taa ndogo iliyo karibu na kazi ni bora kuliko taa kubwa iliyo mbali nayo.

Na umri nao una haki yake. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea ndani yake kama thuluthi moja tu ya mwangaza unaopokewa na jicho la kijana wa miaka 20, kwa sababu mboni husinyaa na lenzi ya jicho hupata ukungu na umanjano kwa umri. Kwa hiyo kijana anapomwambia bibi yake, "Mbona pana mwangaza wa kutosha hapa, bibi?" anasema kweli kwa jicho lake, na bibi anapojibu kuwa haoni, naye anasema kweli. Nyumba yenye wazee lazima ipangwe kwa jicho la mzee. Lakini hadhari: mzee anahitaji mwangaza mwingi juu ya kitu anachokitazama, wala hahitaji globu iliyo wazi inayomchoma usoni, kwani mwako wa namna hiyo humsumbua yeye zaidi kuliko unavyomsumbua kijana.

Sasa twende jikoni, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu jikoni ndipo penye kisu, moto na maji ya kuchemka, na ndipo ambapo, kwa ajabu, taa zetu ni mbovu kuliko mahali pengine popote. Mwenye kupika husimama ameuelekea ukuta, mbele yake pana meza ya kukatia na sinki. Globu ya katikati iko mgongoni mwake. Basi kila anachokikata anakikatia ndani ya kivuli chake mwenyewe. Dawa yake si ngumu. Kama pana kabati au rafu iliyopigwa ukutani juu ya meza ile, taa nyembamba zitiwe chini ya kabati, upande wa mbele, zifichwe na ubao mdogo ili zimulike vitunguu na zisimulike macho. Kama hapana kabati, zipigwe taa mbili ukutani, moja huku na moja huku, ili kivuli cha taa hii kifutwe na mwangaza wa taa ile. Na kwa wale ambao hufanya kazi zao chini, juu ya mbuzi ya kukunia nazi, au wamepakata sinia wakichagua mchele, wakitafuta chuya na vijiwe, taa yao iwe ukutani ubavuni, chini kuliko tulivyozoea, imfikie mtu aliyekaa wala si aliyesimama. Kijiwe kilichopita usiku huonekana mchana, lakini huonekana kwa jino.

Fauka ya hayo, jikoni tunahitaji mwangaza unaosema kweli kuhusu rangi. Tunatambua samaki mzima kwa wekundu wa mashavu yake, tunatambua nyama iliyoiva kwa rangi yake, na globu nyingine za bei rahisi huzifisha rangi nyekundu hata kila kitu kikaonekana kimepauka. Ukinunua taa za kisasa, hizi za LED, tazama katika kasha lake kama pameandikwa herufi CRI au Ra na namba pembeni yake: 80 yafaa kwa vyumba vingi, na 90 au zaidi ni bora kwa jikoni na kwa anayeshona au kuuza nguo. Na kifuniko cha taa ya jikoni kifutwe mara kwa mara, maana mvuke wa mafuta hukitia utando, na utando ule hula mwangaza kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka mtu akadhani globu imechoka.

Sebuleni mambo ni mengine. Sebuleni hatukati kitu, tunazungumza. Na mazungumzo yanataka tuonane nyuso bila ya kusailiana kwa mwanga mkali kama tuko kwenye chumba cha daktari. Mimi naona, na ninalisema kwa yakini, kwamba mojawapo ya mambo yaliyoharibu sebule zetu miaka hii ni zile taa nyeupe zenye kuelekea buluu, tunazozinunua kwa sababu dukani zilionekana kali kuliko nyingine. Taa nyeupe ya LED asili yake hutoa mwanga wa buluu, na uvumbuzi wa LED yenye mwanga huo ndio uliowapatia wataalamu watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014; kisha juu ya mwanga ule wa buluu hupakwa unga wa manjano, na viwili hivyo vikichanganyika jicho huona weupe. Unga ukizidi, mwanga huwa wa manjano wenye uvuguvugu; ukipungua, buluu hutokeza. Ndiyo maana kwenye kasha mtakuta namba yenye herufi K. Ikiwa 2700 au 3000, ni mwanga wa manjano, unaokaribia ule wa globu za zamani, nao ndio unaofaa sebuleni na chumbani. Ikiwa 4000, ni mweupe wa wastani, nao wafaa jikoni na mezani pa kusomea. Ikiwa 6500, ni ule wa buluu, na huo, kwa maoni yangu, uachieni karakana.

Badala ya taa moja kali katikati ya sebule, wekeni taa mbili au tatu za kadiri, moja pembeni mwa kiti cha msomaji, moja ikimulika ukuta. Nasema ukuta, kwa sababu ukuta mweupe ni taa ya pili. Tazameni nyumba za kale za Lamu, zilizozungukwa na kuta nene za mawe ya matumbawe, ambazo upana wa vyumba vyake ulilazimika kufuata urefu wa boriti za mikoko: mwanga wa jua huingia kwa kiwanda, yaani ua wa ndani, upite msana wa kwanza, yaani ukumbi mrefu mwembamba, upite wa pili, ukiendelea kupungua mpaka ndani kabisa, na mafundi wale walizipaka kuta chokaa nyeupe laini, hata mwanga mdogo uliofika ukarudishwa kutoka ukuta huu hadi ukuta ule. Ukiupaka ukuta rangi ya kahawia iliyokoza, kisha ukalalamika kuwa taa haitoshi, basi nusu ya lawama ni ya rangi.

Chumba cha kulala nitakipitia kwa uchache. Mwenye kulala hulala chali, na globu iliyo juu ya kitanda humtazama machoni; taa za chumbani ziwe ubavuni mwa kitanda, moja kila upande, na kila moja iwe na swichi yake, ili mmoja akipenda kusoma na mwenziwe akipenda kulala wasigombane. Taa na chandarua visigusane, hata ikiwa taa yenyewe haina joto kubwa. Saa za mwisho kabla ya kulala, epukeni mwanga wa buluu, kwani huuhadaa mwili ukadhani bado ni mchana, na usingizi ukachelewa. Na penye kioo cha kujipambia, taa zikae kulia na kushoto kwa kioo, usawa wa uso. Taa iliyo juu ya kioo hutia vivuli chini ya macho na chini ya pua, na anayepaka wanja kwa taa hiyo hatapata mistari miwili inayolingana.

Lakini msinipeleke mbio nikasahau ngazi na njia ya chooni, maana hapa ndipo penye hatari ya maisha. Ngazi za nyumba zetu za kale zimesimama wima, vidato vyake havilingani, na mara nyingi zimo katika kiza hata adhuhuri. Ngazi inataka swichi mbili kwa taa moja, moja chini na moja juu, ili mtu asipande katika kiza kwenda kuitafuta swichi iliyoko juu. Kila fundi wa umeme anaijua kazi hiyo, ila lazima aambiwe kabla hajafunga. Mwangaza wenyewe uoneshe ukingo wa kila kidato. Na njiani, kutoka kitandani kwa mzee hadi chooni, iwekwe taa ndogo sana, chini karibu na sakafu, inayowaka usiku kucha. Inamtosha kuona njia wala haimtoi usingizini kabisa. Wangapi tunaowajua, wazee wetu, walianguka usiku wa manane kwa sababu swichi ilikuwa ng'ambo ya chumba?

Chooni na bafuni, taa iwe ya kufungwa isiyopenya maji, swichi iwe nje ya mlango, na waya wa ardhi usikose. Kwa sisi tunaokaa karibu na bahari, vyuma vya taa hupata kutu upesi kwa chumvi ya hewani. Shaba au plastiki nzuri hudumu zaidi. Barazani, taa za manjano huvutia wadudu wachache kuliko nyeupe za buluu, nayo taa isiwe juu ya vichwa vya waliokaa, iwekwe mbali kidogo, wadudu waende huko. Na katika vichochoro vyetu vyembamba, mkumbukeni jirani: taa yako ya mlangoni ielekee chini, isiingie dirishani mwake.

Niliahidi kugusia gharama. Globu ya zamani ya wati 60 hugeuza sehemu ndogo tu ya umeme wake kuwa mwanga, na iliyobakia yote huwa joto, joto ambalo sisi watu wa pwani hatulihitaji. Taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga wa kadiri ile ile. Ikiwaka saa 5 kila usiku, globu ya zamani hula yuniti 9 kwa mwezi, na hii mpya haifiki yuniti moja na nusu. Maana yake ni kwamba ukiweka taa ndogo nne, kila moja mahali pa kazi yake, bado zikiwaka zote pamoja unatumia chini ya ulivyokuwa ukitumia kwa globu moja ya katikati. Basi asije mtu akasema kuwa kupanga taa ni anasa ya matajiri.

Ama kuhusu umeme kukatika, wenzetu wa Unguja hawajasahau jinsi kisiwa kilivyokaa bila ya umeme wa kutoka bara tokea Disemba 2009 hadi Machi 2010, ilipoharibika njia ya umeme ule. Nyumba iliyopangwa vizuri ina taa za kuchaji, na kila moja ina mahali pake maalumu: moja jikoni, moja karibu na ngazi, moja chumbani kwa wazee. Taa ambayo hujui iko wapi, kizani haikufai kitu.

Sasa, mwenye kujenga afanye nini? Kabla hajapigisha lipu, achukue chaki, aingie katika kila chumba akiwa na wale watakaokitumia, hasa mama wa nyumba na wazee, wala asiende peke yake na fundi. Aulize: kitanda kitakaa wapi? Nani atasoma hapa? Ukiwa umekaa, mkono wako unafika wapi? Kila jibu lichorwe ukutani kwa chaki, na fundi apitishe paipu zake kwa kufuata chaki ile. Paipu iliyotiwa kabla ya lipu ni kazi ya siku moja. Baada ya lipu ni kazi ya patasi, vumbi na fedha.

Nanyi mliopanga nyumba za watu, ambao hamruhusiwi kutoboa ukuta, msidhani kuwa mazungumzo haya hayakuwahusu. Nunueni taa ya mezani yenye shingo ya kukunjika, na waya wa kutosha, na globu ya 3000 au 4000 kwa kadiri ya kazi. Iwekeni leo penye madaftari ya mtoto, kesho ihamisheni jikoni, na siku mtakayohama mtahama nayo. Mkiwa na swali juu ya chumba fulani cha nyumba yenu, tuandikieni hapa kituoni, mkitaja dirisha liko upande gani na kazi gani hufanywa humo, nasi tutalijibu katika kipindi kijacho inshallah.